Mkono wa Kushoto wa Tate

Harufu ya nyumba ya jibini haikutoka hata ukioga: maziwa yaliyochacha, mbao zilizolowa, na moshi wa mikaratusi ulioingia kupitia nyufa za ukuta. Nilikulia ndani ya harufu hiyo, kwenye kilima chenye baridi cha Masisi, nusu siku kwa miguu kutoka Lushebere. Bibi yetu, mama mzazi wa mama, tuliyemwita Tate, alifanya kazi humo. Wengine walikamua, wengine walichemsha maziwa. Kazi yake yeye ilikuwa kugeuza. Kila asubuhi alipita mbele ya rafu za mbao, akainua kila jibini kwa mkono wa kulia na kuilaza upande wa pili, kwa sababu jibini iliyolala upande mmoja huoza chini huku juu inang'aa. Mkono huo mpana ndio uliotulisha. Baba alikuwa amekwenda Walikale kuchimba madini, vita vikafunga njia, na kilichorudi ni habari ya kifo chake. Mama alifariki siku aliyomzaa mdogo wetu wa mwisho, ndiyo maana mtoto huyo aliitwa Machozi. Kati yetu alikuwapo Bauma, mvulana wa miaka minane. Mimi, Sifa, nilikuwa na kumi na miwili, mwaka wa sita wa shule ya msingi, nikisubiri mtihani wa mwisho.

Tate alianguka katikati ya kazi. Nilikuwa nimempelekea uji. Jibini moja ilibingirika hadi miguuni pangu, nikacheka, nikidhani imemponyoka. Kisha nikaona mdomo wake umevutwa upande, na mkono wa kulia unaning'inia kama nguo kwenye kamba. Wanaume walimbeba kwa machela ya miti hadi barabarani, na gari la maziwa likatufikisha hospitali ya Kirotshe. Kilimani walikuwa wameshaamua kwamba amelogwa. Muuguzi mmoja mfupi, aliyesema polepole, alinikalisha kwenye benchi kama mtu mzima.

"Dada, sikia muzuri. Hakuna mutu alimuloga. Ni tension, damu ilipanda sana, mushipa njo ilipasuka mu kichwa. Ule mukono ya kulia, muunyooshe kila siku. Na ya kushoto itumike: ikule, ifue, ifanye yote. Mukimufanyia kila kitu, atabakia vile."

Nilimuuliza atapona lini. Akasema hiyo si kazi ya wiki, ni ya miaka. Nilikasirika, nikaona anaficha dawa.

Tuliporudi kilimani, direkta wa shule aliniambia kiti changu kipo. Kuchota maji na kuokota kuni Bauma angeweza. Machozi angekaa mchana kwa Mama Kavira, mfanyabiashara kutoka Butembo mwenye duka chini ya njia. Lililobaki ni chakula cha mchana cha Tate. Kwa mkono wa Bauma hakula. Alisema kwa ulimi wake mzito kwamba mtoto wa kiume halishi mama mzima. Alikula kutoka kwangu tu. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi: siku Tate atakapojilisha mwenyewe, mimi narudi darasani.

Na mkono wa kushoto ulikuwa mzima kabisa. Hapo ndipo penye uchungu. Kwetu mkono wa kushoto haupokei chakula, hausalimii, haumpi mkubwa kitu. Tate mwenyewe ndiye aliyetufundisha hivyo, tena kwa kutupiga vidole na mwiko. Sasa nilimwekea sahani upande wa kushoto, nikatoka nje nikahesabu hadi mia tano. Nikirudi nakuta ugali umekauka, nzi wametua kwenye maharage, naye ameukalia mkono ule kama mtu anayeficha wizi.

"Tate, kula!"

"Hii ni mukono ya choo," alijibu.

"Muuguzi alisema ukule nayo!"

"Muuguzi hakunizaa."

Nilipiga sahani chini siku ile. Kisha nikaokota ugali, nikasafisha, nikamlisha, kwa sababu jua lilikuwa limeshapinda na hakuwa amekula tangu asubuhi. Hivyo ndivyo alivyonishinda kila mara. Mama Kavira alisimama mlangoni na Machozi mgongoni, akacheka: "Sifa, unamulisha kama kitoto ya ndege! Akiota mabawa utasema nini?" Nilimega tonge jingine. Kengele ya shule ilisikika hadi kwetu, na nilijua kwa mlio wake somo gani linaanza.

Sisemi hakupata nafuu. Kila asubuhi nilivinyoosha vidole vyake kimoja kimoja, huku akinitukana. Nilimgeuza ubavu huu na ule ili ngozi isichubuke, kama alivyogeuza jibini. Mvua zilipoanza alisimama. Mvua zilipokolea alitembea na fimbo hadi mlangoni. Watu walishangilia, wakasema mtoto huyu ana moyo. Mimi nilitazama fimbo aliyoishika kwa mkono wa kushoto, nikajiuliza ni sheria gani inayoruhusu mkono huo kushika fimbo lakini inakataza kijiko. Mtihani ulifanyika bila mimi. Direkta akasema nianze upya mwaka unaofuata. Nikasema sawa.

Mwaka uliofuata ulikuja na risasi. Tuliondoka asubuhi, Machozi mgongoni kwangu, Bauma na sufuria na mkeka, Tate na fimbo yake. Mwendo wa nusu siku tuliutembea siku mbili. Kwenye kambi ya Lushebere tulipata kibanda cha turubai, na wiki haikuisha, malaria ikaniangusha. Nakumbuka turubai likipiga kelele juu yangu, na Machozi akilia kwa njaa. Bauma alipika uji, mtoto akautema. Akalia mpaka sauti ikakauka. Nilijaribu kuinuka, nikaanguka tena.

Nikamwona Tate akijivuta kwenye mkeka. Alimpakata Machozi kati ya magoti, akachukua kijiko kwa mkono wa kushoto, akachota uji, akapuliza, akampa. Nusu ulimwagika. Mtoto akameza. Bauma aligeuka akatazama pembeni, kama tulivyofundishwa mkubwa anapokosea. Kisha Tate akafinyanga tonge la ugali uliobaki, akalileta kwenye mdomo wangu.

"Pokea," alisema. "Unisamehe, iko ya kushoto."

Nilipokea. Nilitafuna nikilia, na alidhani ni homa. Nilikuwa nalia kwa hasira: mwaka mzima mkono ule ulikuwa pale, ukikaliwa! Jioni hiyohiyo alijilisha mwenyewe. Mtu aliyetoka kilimani alitueleza kwamba wapiganaji walilala shuleni, wakachoma madawati yote kupikia.

Tate aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mkono wa kulia haukufunguka tena, lakini kwa ule wa kushoto alifua, alimenya viazi, alimlea Machozi mpaka akaanza shule. Sikurudi. Wadogo zangu walikuwa wanakula, na mimi ndiye niliyekuwa nikitafuta.

Sasa nauza jibini sokoni Sake, na vita vingine vimepita tangu vile. Wiki iliyopita nilikwenda kumsalimia jirani aliyeanguka kama Tate, naye mkono wa kulia umelegea. Binti yake alikuwa magotini akimlisha ugali, saa za masomo, na sare yake ya shule inaning'inia kwenye msumari. Nilimnyang'anya sahani. Nikaiweka upande wa kushoto wa yule mzee.

"Papa, kula."

Aliutazama mkono wake, akanitazama mimi. "Mama Sifa, na wewe? Umekosa adabu?"

"Njo vile, Papa. Nimekosa." Nikamwambia binti avae sare aende, hata akichelewa. Alisitasita, akavaa, akatoka. Mzee akanuna, akafumba mdomo. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake, nikaweka mikono yangu yote miwili chini ya mapaja.