Siku Arobaini za Bi Mejumaa

Bi Mejumaa wa Bodo alivuka kwenda kisiwani kwa bintiye Husna na mkoba mwepesi, na hilo lilikuwa aibu tupu. Mwanamke aliyepata mjukuu wa kwanza huenda na kanga za kubadilisha, mafuta ya kumkandia mzazi na pilipili manga ya uji, na hakai chini ya siku arobaini. Yeye alibeba chupa moja ya chai, akamwambia nahodha wa boti, "Baada ya alasiri unirudishe."

Chupa yenyewe haikuwa na chai. Ndani mlikuwa na barafu ya wavuvi na dawa ya sukari, ile ya kujidunga sindano. Bodo dawa hiyo ilikaa kwenye friji ya mwenye duka, na umeme ukipotea ilihifadhiwa kwenye mtungi wa udongo. Umeme wenyewe ulikuwa umepotea tangu Jumanne. Ikiwa Bodo ni hivyo, kisiwani je, ambako nguzo ya umeme haijafika? Na mama huyu alikuwa na kiburi chake: afadhali aambiwe hampendi mwanawe kuliko wakwe wajue anaumwa. Basi akaambiwa kweli, kwa kuwa miaka miwili tangu Husna aolewe hakuwahi kulala kwake hata siku moja.

"Shikamoo, mama," alisema Husna kitandani, mtoto kifuani.

"Marahaba, mwanangu. Hongera."

Juu yao pangaboi lilikuwa likizunguka. Bi Mejumaa alilitazama hilo kabla hajamtazama mjukuu, Mungu amsamehe. Bi Twaiba, mavyaa wa Husna, mama wa mumewe, akamletea maji baridi hata bilauri inatoka jasho.

"Jenereta lenu halina kelele?"

"Jenereta gani, dada? Hilo ni jua."

Husna alikwishamwambia habari za umeme huo kwenye simu mara kadhaa, naye akadhani ni maringo ya bibi harusi. Akampakata mtoto huku akiwaza boti. Mara wingu likatanda, mvua ikashuka kwa kishindo, chumba kikaingia giza. Bi Mejumaa aliinua uso akingoja pangaboi lizimike. Halikuzimika. Mvua ilipiga bati kwa muda mrefu, nalo lilizunguka vilevile.

Mvua ilipokatika alisema, "Nipelekeni nikaione hiyo mashine."

Bi Twaiba akampeleka nyuma ya msikiti, kwa fundi Matano. Vioo vyeusi vilijaa uwanja mzima, safu kwa safu, vikichuruzika maji. Kwenye kibanda yalisimama makabati marefu kumshinda yeye.

"Na jua likikosekana siku mbili?" aliuliza.

"Makabati haya ndiyo betri, mama," alijibu Matano. "Tumepitisha siku tatu za mawingu, na friji hazikuzimika. Hata pangaboi la kwa Bi Twaiba, wakati wa mvua lilikuwa linakula jua la jana."

Jua la jana! Bi Mejumaa aliweka kiganja kwenye kabati. Lilikuwa vuguvugu, likivuma polepole. Jua lililomchoma utosi maisha yake yote, la kuanikia dagaa na kupasulia midomo, watu wamelitia kabatini wakafunga mlango. "Subhanallah," alisema, na machozi yakamtoka asiyafute. Aliogopa, na hakukumbuka lini aliwahi kufurahi kiasi hicho.

Waliporudi nyumbani, nahodha alikuwa akipiga ukelele ufukweni. Bi Mejumaa aliketi kando ya kitanda, akafungua chupa mbele yao.

"Nina sukari, huu mwaka wa nne. Dawa hii haitaki joto. Dada, nakuomba nafasi kwenye friji yako."

Bi Twaiba alisogeza maziwa, akaiweka dawa, kisha akatoka kwenda kumwambia nahodha aondoke.

Husna alikuwa analia. "Miaka miwili, mama. Nilidhani unaichukia nyumba yangu."

Bi Mejumaa alimtwaa mtoto, akamfunika Husna miguu.

"Lala, mwanangu," alisema. "Nipo."