Kupoza Uji Nisiokuwa Nao

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na kahawa ikawa inanunuliwa na kila mwenye lori, nilipanda Mbinga na magunia ya usipa, dagaa wetu wa ziwani. Wakulima walikuwa na fedha, nami nilikuwa na mdomo wa kuuza. Baridi ya milimani niliidharau. Haikuchukua muda nikalazwa hospitali ya misheni kwa nimonia, nikiwa na mpira wa oksijeni puani.

Mashine ilikuwa moja, imetoa mipira miwili. Wa pili alikuwa nao bibi wa kitanda cha jirani, Mmatengo, mwenyeji wa milima ile, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye sala na salamu.

Ugonjwa ulikuwa mbaya, lakini hofu ilikuwa mbaya zaidi. Nilijiona nazama, mimi niliyezaliwa Mbamba Bay, kando ya ziwa. Nikivuta hewa haraka haraka, haifiki. Nikiung'oa mpira kwa kiwewe, ndiyo inakatika kabisa. Nesi alikaa kitandani, akaniwekea mkono wangu mwenyewe tumboni.

"Legeza mabega, dada. Usishindane na mashine. Vuta kwa pua kama unanusa uji. Sasa upoze kwa midomo. Taratibu, usiumwage."

"Uji gani?" nikamjibu kwa hasira. "Uko wapi huo uji?"

Hakukasirika. Alianza tena kwenye mabega.

Pale mgonjwa alipikiwa na ndugu zake. Wangu walikuwa chini ziwani, mvua imeharibu barabara ya mlimani, na salamu nilizompa utingo wa lori sikujua zimeishia wapi. Nilikunywa chai ya manesi. Mgeni ni kuku mweupe: wodini wakicheka kwa Kimatengo, niliamini wananicheka mimi.

Kila asubuhi binti wa yule bibi alikuja na chupa ya uji wa ulezi. Bibi alishika kikombe, akapuliza kwa pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka yenyewe. Mimi nilifumba macho nikapuliza naye, mikono nimeikunja kana kwamba nimeshika kitu. Ilisaidia, sitasema uongo. Kifua kililegea. Ila nikifumbua macho nilikuwa mpweke kiasi cha kutamani kulilia uji wa watu.

Kisha bibi akapona. Kabla ya kutoka alinishika mkono, akasema maneno ambayo sikuyaelewa. Mpira wake ulikunjwa, kitanda kikatandikwa, mashine ikabaki inaniungurumia mimi peke yangu. Jioni hofu ilirudi. Nilijaribu kupoza, lakini sikuwa na wa kumfuatisha. Nesi alikaa nami mpaka zamu yake ikaisha, naye akaenda kwa watoto wake.

Asubuhi yake binti wa bibi akaingia na chupa ileile, viatu vimejaa tope. Nikamhurumia, nikidhani kuna jambo nyumbani limemchanganya.

"Dada, mama si alitoka jana?"

"Najua. Ndiye aliyenituma. Anasema wewe kila siku unapuliza mikono mitupu."

Akamimina, akanipa kikombe, akanifunga vidole kukizunguka. Nikavuta kwa pua. Nikaanza kupoza, taratibu, machozi yakidondokea humo humo, na hakuna aliyenikumbusha mabega. Uji ulikuwa wa moto kweli.