Uso wa Karabai

"Leteni nyeupe! Hizo rangi zenu za kuficha uchafu wapelekeeni mafundi wengine!"

Shangazi aliyasema hayo ukumbini, kwenye harusi ya watu, baada ya mshereheshaji kufanya kosa la kumpa kipaza sauti. Alitakiwa asimame tu apunge mkono kama fundi aliyeshona gauni. Hakupunga. Aliueleza ukumbi mzima kwamba nguo nyeupe ikipita mikononi mwake inatoka nyeupe kuliko ilivyoingia, na mwenye shaka aende akamkague bibi harusi kwa tochi. Watu wakapiga vigelegele. Bwana harusi, nasikia, aliinama kidogo akaangalia.

Na maneno yake yalikuwa kweli, ndiyo ubaya wake. Magauni ya harusi yalimlipia chumba cha kazi, yakawasomesha wanawe wawili, tangu mumewe alipotoka kwenda kutafuta maisha akayapata kwa mwanamke mwingine.

Chumba chenyewe kilikuwa na bati juu bila dari na cherehani mbili. Moja yake, nyingine ya Baba Pacha, fundi suruali, mtu mnene anayecheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Ndiye aliyembandika shangazi jina la Karabai, ile taa ya kupampu, kwa sababu uso wake uling'aa kutwa. Ngozi ya mafuta ni mali ya ukoo wetu. Picha za familia yetu huoni sura, unaona mapaji.

"Karabai," Baba Pacha alikuwa anasema umeme ukikatika, "hebu sogeza uso huku nitunge uzi."

"Tunga na hayo meno yako, si yako nje muda wote?"

Wakacheka, kazi ikaendelea. Lakini shangazi alipovuka arobaini mafuta yalizidi. Mchana bati likishika moto, na pasi iko mkononi, yalikusanyika puani yakaning'inia. Jasho likidondoka kwenye satini linakauka. Tone la mafuta linakaa pale pale, limelowa, wiki nzima, kama limelipa kodi. Siku moja alikuta tone kwenye kifua cha gauni la mtu. Akalimwagia poda ya mtoto, akaiacha inywe mafuta hadi kesho yake, akapangusa. Likatoka. Yeye ndiye hakutoka salama, maana tangu hapo kila akiinamia kitambaa cheupe anajipangusa uso kwanza.

Akautangazia uso wake vita. Aliuosha kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia. Akausugua kwa gunzi la kusugulia miguu. Akaupiga spiriti kwa pamba, akamalizia na limau, kisha akakaa mlangoni juani "ipenye vizuri". Ukawa mkavu mpaka saa nne asubuhi. Saa sita ulikuwa unateleza kuliko jana yake. Kwa hiyo akaongeza spiriti.

Hatimaye alikwenda duka la dawa. Binti wa pale alimtazama akasema, "Mama, unaosha mno. Ukiikausha hivyo, ngozi nayo inashindana na wewe, inatoa mafuta zaidi. Osha asubuhi na jioni tu, tumia sabuni laini. Halafu upake mafuta."

"Nipake nini?"

"Mafuta."

Shangazi alirudi kazini amefura. "Nimemkimbilia nyumba inaungua, yeye ananiambia niongeze petroli!"

"Labda alimaanisha losheni," Baba Pacha akasema.

"Alisema mafuta. Mimi masikio ninayo."

"Basi, Karabai, labda alikuona umepauka."

"Mimi? Karabai? Nimepauka?"

Alikuwa amepauka kweli. Mashavu yalikuwa yanabanduka kama rangi ya ukuta, na kwenye kona za pua palikuwa na mipasuko inayotoa maji. Lakini kwa mara ya kwanza maishani mwake alijipitisha mkono usoni ukatoka mkavu. Alifurahi. Tulimwona anafurahi, na hakuna aliyemwambia kitu.

Kisha likaja gauni kubwa. Mama bibi harusi alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mtu ambaye neno lake likitoka sokoni asubuhi, jioni mji mzima unalo. Gauni hilo likipendeza, shangazi hatatafuta mteja tena. Likiharibika, hatampata. Yeye alijua, sisi tulijua, na mama mwenyewe alihakikisha tunajua.

Siku ya kujaribisha, binti alisimama katikati ya chumba ndani ya satini nyeupe, mama yake amekaa kwenye stuli ya Baba Pacha, mkoba mapajani. Shangazi akapiga magoti, pini mdomoni, akabana pindo. Akanyanyuka, akazungusha mikono kiunoni kwa binti kushika kamba za nyuma. Shavu lake likagusa kifua cha gauni. Kugusa tu.

Alipojitoa, palikuwa na alama. Ndogo kama punje ya mchele, nyekundu, na kingo za njano.

Sasa, kila fundi anajua dawa ya damu yake mwenyewe kwenye kitambaa ni mate yake mwenyewe. Maji yataacha duara, sabuni itafubaza satini, mate yanaiondoa pale pale ikiwa mbichi. Kimya kimya, uzi unatafunwa, unalowa, doa linadonwa. Ni ujuzi wa chumbani. Haufanywi mbele za watu, na zaidi ya yote haufanywi nguo ikiwa mwilini mwa bibi harusi. Shangazi alikuwa ameshasahau kila kitu isipokuwa doa. Akatema pini, akatema na mate, kwenye ncha ya kidole, akaanza kudona kifuani kwa binti.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Linatoka, mama. Sekunde moja."

"Unamtemea mwanangu mate?"

"Ni damu kidogo tu..."

"Damu na mate! Kwenye gauni la harusi! Na uso huo!"

Binti akaanza kulia. Baba Pacha akasema, "Mama, hiyo ni kawaida ya ufundi," akaambiwa anyamaze, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akanyamaza. Gauni likavuliwa nyuma ya pazia, likaondoka na pini zake. Doa lilikuwa limeshatoka lote. Hakuna aliyeangalia.

Haikupita wiki nikasikia kwa kinyozi kwamba kuna fundi mwenye uso ulioungua, anawatemea mabibi harusi ndoa zisidumu. Ndoa kadhaa alizoshonea zilikuwa zimeshavunjika, kama ndoa zinavyovunjika, na sasa zikapata sababu. Wenye vitambaa wakaja kuvichukua. Mmoja alimtuma bodaboda.

Ndipo shangazi akaenda kwa daktari wa ngozi, naye hakumcheka. Alisema limau na jua vimemuunguza, spiriti imemaliza kilichobaki. "Osha mara mbili kwa siku, sabuni laini, usisugue. Kisha upake mafuta."

"Mafuta," shangazi akasema.

"Yale mepesi, ya maji maji. Losheni."

Shangazi akauliza, "Yule binti wa dawa angesema losheni, angekufa?"

Mipasuko ilifunga. Mafuta yakapungua, siku hizi mchana anakandamiza karatasi laini puani na imetosha. Mabaka meusi ya mashavuni yamebaki, daktari anasema huenda yakafifia, huenda yasififie. Gauni jeupe halijaingia tena chumbani. Maneno "Magauni ya Harusi" yaliyokuwa mlangoni yamefunikwa kwa rangi ya bluu, na Baba Pacha humsukumia suruali za wateja zikimzidi wingi, anaziweka mezani bila utani wowote.

Juzi kijana mmoja alisimama mlangoni na suruali begani, akaliangalia lile baka la kushoto, akaangalia pembeni.

"Mama, kupunguza suruali bei gani?"

"Elfu moja," shangazi akasema. "Ya jinzi, elfu moja na mia tano."