Nililinda Mawe ya Urani Miaka Miwili

Nililinda mawe miaka miwili. Hakuna aliyekuja kuyaiba.

Hakuna aliyekuja kabisa.

Naitwa Othmar, mtu wa Kihagara, kando ya ziwa. Mwaka 1999 kampuni moja ya wazungu ilikuja kijiji cha Ruanda, juu milimani kwetu, kutafuta madini ya urani. Wakatoboa ardhi, wakatoa mawe ya mchanga, marefu, mviringo kama mihogo. Wakayapanga kwenye masanduku ndani ya banda la bati.

Siku ya kuondoka, bosi akanishika bega.

"Othmar, linda haya. Tukirudi kufungua mgodi, wewe ndiye msimamizi."

Mwenzenu kichwa kikavimba. Nikamwandikia mke wangu, Walburga: nimepewa usimamizi, nina watu arobaini chini yangu.

Arobaini! Nilikuwa na panya tu.

Miezi ikakatika. Nikalima mahindi nyuma ya banda, nikawa nakula hayo hayo. Kuna wiki zilipita sijafungua mdomo kusalimiana na mtu.

Barua ya Walburga ikaja: "Mama yako anaumwa, anakuulizia. Njoo."

Sikwenda. Je, wazungu wakirudi siku hiyo hiyo wakakuta banda halina mtu?

Barua nyingine haikuja.

Mwaka wa pili gari likasimama. Akashuka dada mmoja, Scholastica, mtaalamu wa miamba wa kampuni nyingine.

"Shikamoo baba. Unalinda nini?"

"Marahaba. Urani."

Akapitisha kipimo chake sanduku moja baada ya jingine. Hakikulia hata mara moja.

"Baba, haya ni makapi. Yenye urani waliondoka nayo. Na kampuni yenyewe ilishafungwa."

Kesho yake nikashuka Kihagara.

Mama alikuwa kaburini mwaka mzima.

"Mbona hukunifuata?" nikamfokea Walburga.

Hakupandisha sauti.

"Nilikufuata, baba Florian. Mama akiwa bado hai. Nilitembea siku mbili. Nikakuona kwa mbali umesimama mbele ya banda, unaamrisha. 'Wewe beba! Wewe weka kule!' Hapakuwa na mtu. Nikaogopa, nikarudi."

Nilikuwa najifunza usimamizi, jamani. Nilidhani sionekani.

"Na mama ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kazi zimekubana. Una watu arobaini."

Ndugu yangu uliye mbali na kwenu, ukiandika nyumbani, andika hali yako ilivyo. Mimi mama yangu alikufa akijivunia uongo wangu, na sikuwepo hata kumshika mkono.