Siku Lori Lilipoacha Ardhi

Nikifungua gunia la unga wa muhogo hapa kibandani kwangu Owino, ile harufu yake ya uchachu ikinipiga puani, mimi siko tena sokoni. Niko Makindye, bado mtoto, vidole vyangu vyeupe pe, na mbele yangu kuna ukuta.

Nilikuwa mtoto mnene. Siyo unene wa kuonewa huruma, unene wa kutambulika. Nikipita, kuku wanahama mtaa. Wenzangu waliniita Lori na nilikuwa naitika, maana lori nalo ni gari.

Sasa Kocha Baraka, Mkongo wa Bukavu, alikuwa anatafuta msichana wa mwisho wa timu yake ya raga. Mmoja tu. Ile nafasi niliitaka kuliko chapati. Jaribio la kwanza lilikuwa kuruka ukutani. Chaki hatukuwa nayo, kwa hiyo tulichovya vidole kwenye unga wa mama yangu. Unasimama ubavu kwa ukuta, unanyoosha mkono, unaacha alama. Halafu unaruka, unaacha alama nyingine huko juu. Nafasi ya katikati ndiyo kuruka kwako.

Nilikuwa nimejiandaa kwa akili zangu zote: nisile, niwe mwepesi. Mama alipoleta matoke nikasema tumbo linauma. Akaniangalia. "Hilo haliumi, linashangaa." Nikashindwa hapo hapo, nikamaliza sahani yangu na ya kaka yangu.

Nakato akaruka kwanza. Alikuwa mwembamba, ukimpulizia anafika Entebbe. Alama yake nusura iguse mabati.

"Lori, zamu yako," akasema. "Pole pole lakini, huo ukuta ni wa watu."

Nikaruka. Nilipotua, mbwa walibweka mpaka mtaa wa Kibuye, na jirani mmoja akaanua nguo akidhani ile ni radi. Nafasi kati ya alama zangu ilikuwa fupi kuliko ya Nakato kwa kiganja kizima. Watoto walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikaokota ndala zangu niende nyumbani.

"Mama, unaenda wapi?" kocha akaniuliza. Wakongo hata mtoto wa kike wanamwita mama. "Bado mizani."

Ilikuwa ile mizani ya magunia, ya kuning'iniza. Nakato akaishika ndoano, akakunja miguu, mshale ukasogea kama una usingizi. Nikaishika mimi. Nilibana pumzi, maana nilidhani hewa nayo ina kilo. Mshale ukakimbia. Kocha akasoma kilo zangu kwa sauti, mtaa mzima unasikia. Nilitamani ardhi inimeze, ila nilijua itapaliwa.

Akaangalia ukuta, akaangalia mizani, midomo inahesabu.

"Nakato ameruka juu," akasema. "Lakini amepandisha mzigo gani? Huyu mwili wake ni kama mara mbili, na ameupeleka karibu pale pale. Sasa niambieni, mwenye nguvu ya miguu ni nani?"

Watoto wakageuka kuangalia miguu yangu.

"Kocha, si ningeweka mawe mfukoni," Nakato akasema.

"Weka, uruke tena."

Akaweka kweli. Akaruka, na nawaambia, ndala ndizo zilitangulia juu, yeye akabaki.

Nafasi nikapewa mimi. Nikaicheza hiyo raga mpaka wasichana wa Kawempe wakiniona tu wanafungua njia wenyewe. Lakini siku ile nilidhani kocha amenihurumia, akatafuta hesabu ya kunibeba. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nikibeba magunia na mtoto mgongoni: hakunipa kitu. Ile miguu ilikuwa inapandisha mlima wa Makindye kila jioni na Lori zima juu yake, miaka yote, na hakuna aliyeihesabu. Hata mimi. Mimi nilikuwa nahesabu tumbo.

Nakato aliruka na mwili wa kuku. Mimi niliruka na mwili wa ng'ombe, na ng'ombe akaacha ardhi.