Udongo Usio na Chuma

Baba aliuza ng'ombe wetu pekee wa maziwa akanunua mashine ya kutafutia dhahabu. Leo harufu ya betri zilizovuja ndani ya tochi imenirudisha kwenye asubuhi alipoiwasha mashine hiyo mara ya kwanza, nayo ikinuka vivyo hivyo. Muuzaji alimwambia airekebishe kwanza juu ya udongo usio na chuma. Uani mashine ililia, ishara kwamba chini kuna chuma. Migombani ililia. Nilimfuata na jembe mpaka mabega yakaniuma.

Bibi alichoka kututazama. "Mwanangu, babu zako walifua chuma mlima huu wote, na mabaki yamejaa ardhini. Udongo huo utautoa wapi?"

"Mama, niache," baba alisema, akizungusha kitufe.

Tulipanda hadi shamba la tangawizi la jirani. Nako ililia. Baba akakaa chini, akaniuliza mimi, mtoto, twende wapi tena.