Ndege ya Viti Viwili ya Fundi Turki

Alasiri imeingia Mkunazini, mjini Unguja, na mlango wa duka la fundi Turki Zahran uko nusu wazi. Redio tatu zimepangwa juu ya meza zikiwasubiri wenyewe. Moja inakoroma bila ya kushika stesheni yoyote, na fundi haishughulikii. Amekaa kwenye kigoda, kipande cha mti wa msufi kimebanwa baina ya magoti yake, anakipiga msasa taratibu kama anayembembeleza mtoto alale.

Mti unageuka pua ya ndege. Si ndege ya abiria. Ni ya jeshi, ya jeti, yenye urefu wa kitanda cha mtoto. Ndani yake itaingia injini ya kweli inayokunywa mafuta ya taa, na yeye atasimama chini akiiongoza kwa redio.

"Msufi ni mwepesi," anasema, akipuliza vumbi. "Mninga ungependeza kutazama, lakini usingenyanyuka. Ungekuwa kabati lenye mabawa."

Anacheka peke yake. Kicheko hakifiki mbali.

Ukutani nyuma yake linaning'inia bodi la ndege nyingine, lililochongwa nusu na kuachwa. Mbele lina tundu kubwa la duara, mfano wa mdomo wa ndoo. Hiyo ni Mig, jeti ya vita ya Kirusi. Fundi Turki hapendi kuitazama, na hapendi mtu amwambie aitoe.

Ana miaka hamsini na moja sasa, mwaka huu wa 2004. Kazi ya redio alijifundisha mwenyewe, kazi ya mbao aliirithi kwa marehemu baba yake aliyekuwa seremala. Zamani watu walipanga foleni hapa na redio zao. Siku hizi madukani kuna redio mpya za bei nafuu, ikiharibika inatupwa, na zipo siku anafunga duka akiwa na shilingi elfu mbili tu mfukoni.

Lakini habari ya ndege haikuanza dukani. Ilianza juu ya paa la nyumba yao, yeye na kaka yake, Amjad, wakiwa vijana. Siku moja ya sherehe ndege za jeshi zilipita juu ya mji, chini sana, mpaka nguo zikaanguka kwenye kamba. Mama yao, Bi Kulthum, alijificha chini ya ngazi. Wao walibaki juu, midomo wazi.

"Tokea siku hiyo hatukuzungumza jambo jengine," anasema fundi Turki. "Watu wanazungumza mpira, sisi mabawa."

Mwaka 1986 Amjad alikwenda Maskati kutafuta maisha. Alipata kazi ya kutengeneza ndege za jeshi, akaoa huko, akakaa. Kila mwaka aliahidi kuja, na kila mwaka kuna kilichomzuia. Picha alituma nyingi, lakini zote ni za ndege. Yeye mwenyewe utamwona chini ya bawa, kichwa amekiingiza kwenye injini, kinachoonekana ni mgongo na viatu.

"Mama alikuwa akiziangalia, kisha anasema, 'Huyu mwanangu naona ana afya, lakini uso wake nshausahau.' Kafa hajauona."

Simu ilipokuwa rahisi, ndugu hawa wakawa wanabishana kila Ijumaa. Ubishi ulikuwa mmoja: siku watakapounda jeti yao ndogo, itakuwa ipi? Turki alitaka Mig, ile waliyoiona juu ya paa. Amjad alitaka Hunter, ndege ya Kiingereza aliyoihudumia miaka mingi.

"Yakhe, hiyo Mig yako ni ndoo inayoruka," Amjad alikuwa akimwambia.

"Na Hunter yako?"

"Hunter ni bi harusi. Hata ikisimama utataka kuifukizia udi."

"Basi ioe!"

Mwanakheir, mke wa fundi Turki, anasema alikuwa akisikia ubishi huo kutoka jikoni mpaka wali unaungua. "Nikiwaambia, nyie watu wazima mnagombania ndege, na ndege yenyewe hamna."

Mwaka jana wakawa nayo, au walau moyo wake. Msafiri kutoka Maskati alileta bunda la blanketi na kopo la halua. Ndani ya blanketi mlikuwa na injini ya jeti, ndogo, haishindi chupa ya chai. Amjad aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, pamoja na redio ya kuiongozea.

Injini moja ni bodi moja. Ubishi ukawa mkali zaidi. Kisha Ijumaa moja, Amjad akasema kwa sauti ndogo, "Chagua wewe, Turki. Mie nshachoka."

Fundi Turki anaweka msasa chini anapofika hapa.

"Nlifurahi," anasema. "Nlitoka mpaka barazani nikawaambia watu, leo nimemshinda kaka. Nikanunua kahawa, wakanywa wote. Kesho yake nikaanza kuchonga Mig."

Hakujua kwamba kaka yake alikuwa amelala hospitali. Nyumba nzima ya Maskati ilijua. Kila alipopiga simu aliambiwa ni kifua tu, hewa ya viyoyozi. Ndivyo watu wa hapa walivyo: aliye mbali hashtuliwi. Anaachwa acheke, acheze, abishane, mpaka siku ya kuambiwa aje msibani. Na yeye Turki hana wa kumlaumu, kwa sababu mama yao alipougua alimfanyia Amjad vivyo hivyo.

"Nlikuwa nambishia mtu anayekufa," anasema. "Na yeye ananijibu ili nisijue."

Simu ya msiba ilimkuta patasi mkononi. Aliitundika Mig ukutani kama ilivyo, injini akairudisha ndani ya blanketi.

Baada ya hitima, kila mtu alikuwa na lake. Barazani walisema amalizie Mig, si aliambiwa achague? Mwanakheir alisema afanye Hunter, ndiyo haki ya marehemu. Yeye akiinuka na Mig anajiona mwizi, akiinuka na Hunter anajiona mnafiki, anayempa mtu akiwa kaburini alichomnyima akiwa hai. Akakaa hivyo karibu miezi miwili, hachongi hii wala ile.

Sheha wa mtaa, Bwana Usi, naye akafika na hofu zake.

"Turki, nambie kweli. Watu wanasema unaunda ndege ya vita."

"Ya vita, naam. Risasi tu ndiyo bado."

"Usinitie mambo, mie nna watoto! Utaipaka rangi za nchi gani?"

"Itakuwa nyeupe, Bwana Usi. Kama kanzu yako."

"Kanzu yangu hairuki," sheha akajibu, lakini alikwishaanza kutabasamu. Ruhusa ya kuirusha aliahidi kumsaidia kuitafuta, mradi iwe uwanja ulio mbali na nyumba za watu.

Aliyefungua fundo ni Lamya, mjane wa Amjad. Fundi Turki alimpigia akiwa bado ndani ya eda, kumjulia hali, na mwisho akamuuliza bila ya kuzunguka.

"Shemegi, unionee njia. Niifanye Hunter?"

Akamsikia Lamya anacheka huku analia.

"Hunter hakuipanda hata siku moja, shemegi. Ile ina kiti kimoja tu, cha rubani. Yeye alikuwa akiifuta vumbi."

"Sasa mbona alikuwa akiisifu vile?"

"Aliyoipanda ni Strikemaster. Ile ya mabawa yaliyonyooka, nzito nzito, ya kufundishia. Ina viti viwili, ubavu kwa ubavu. Rubani alimchukua mara moja. Akatapika mpaka akashushwa kwa kushikwa mikono. Alinambia, Turki asijue abadan."

Fundi Turki anasimulia akitikisa kichwa. Miaka yote ile hakuna aliyeitaja Strikemaster kwenye ubishi wao. Haikuwa na umbo la kujivunia. Lakini alipozitoa picha za zamani akaikuta: fupi, pana, mabawa yamenyooka, kila ncha na tangi lake la mafuta. Bawa kama lile hubeba vizuri hata mwendo ukiwa mdogo, na uwanja wao hautakuwa mrefu. Mig ingehitaji mbio ambazo hana pa kuzipigia.

"Lakini hiyo si sababu," anasema. "Sababu ni viti."

Kwa hivyo msufi unasagika. Injini amekwishaiwasha mara moja uani, imefungwa kwenye benchi, na Mwanakheir alitoka mbio na upawa mkononi akidhani nyumba inaanguka. Lamya alikuwa kwenye simu akisikiliza. Alipomaliza kulia alisema atakuja Unguja eda ikimalizika, na wamekubaliana kwamba ndege isiruke kabla hajafika. Bwana Usi anawatafutia kiwanja upande wa Chukwani.

Juu ya meza, ndani ya istikani ya chai, mna vichwa viwili vya mti, vidogo kama kungumanga. Kimoja kina masharubu na kipara. Ni cha fundi mwenyewe. Cha pili ni laini, hakina macho wala mdomo. Lamya ameahidi kuja na picha, moja anayoijua yeye tu, ambayo Amjad anaangalia mbele.

Fundi Turki anakitoa kichwa kile kisicho na uso, anakiweka upande wa kushoto wa chumba cha rubani. Chake anakiweka kulia.

"Usukani atashika yeye," anasema. "Mie ntakaa ubavuni. Na safari hii simbishii."

Anainama, anauchukua msasa, anaendelea.